Mkalimani Aliyeogopa Kuvuka Ghuba

Ukimtukana mgeni kwa Kisukuma mbele ya Mkalimani, ujue umemtukana kweli, kwa sababu neno lako lilikuwa linafika. Siku moja tukiwa upande wa Magu, mzee mmoja aliyechoshwa na maswali alimgeukia akamwambia, "Mwambie huyu mzungu wako aende ziwani akaoge, ananuka beberu." Sisi wengine tukatazama chini. Mkalimani akaiweka sawa kanga yake begani, akamgeukia mgeni, akamweleza kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba mzee anamwomba aende ziwani akaoge kwa kuwa ananuka beberu. Mzungu alicheka mpaka akavua miwani. Mzee naye, alipoona ujumbe umefika na haukuleta kesi, akavuta kigoda na kuyajibu maswali yote aliyokuwa ameyakataa tangu asubuhi.

"Nimeambiwa, nimesema," ndivyo alivyokuwa akijitetea mtu akimlaumu. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza pilipili.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la utafiti, Landrova ya kijivu iliyokuwa ikilia kama ina pumu. Nilimwendesha huyu mama karibu miaka yote ya hamsini, na bendera ilipobadilika bado nilikuwa namwendesha. Yeye aliniita Dereva, mimi nilimwita Mama Mkalimani, na sidhani kama kati yetu kuna aliyewahi kulitumia jina la mwenzake. Alikuwa Mwislamu wa mjini Mwanza, mtaa wa Mirongo. Mimi ni Mjita wa upande wa Musoma, nimekulia kanisani na kwenye samaki, na Kisukuma nilikiokota barabarani. Alikuwa amenizidi umri, na kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kabla sijawasha gari. Nikisahau, alikaa kimya mpaka nikumbuke, hata kama tulikuwa tumeshafika Buzuruga.

Wageni waliokuja kufanya utafiti kando ya ziwa walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alichunguza pamba, watu wakamwita Bwana Pamba. Mwingine alipima akili za watoto, akawa Bwana Akili. Alikuwepo daktari wa kichocho, na alikuwepo Bwana Uchumi, aliyetaka kujua kila nyumba ina nini na inauza nini. Wote kwa pamoja tuliwaita wapimaji. Walikuja, wakapima, wakaenda kuandika huko kwao. Mkalimani alibaki, maana lugha zilikuwa zake: Kisukuma, Kikerewe, Kizinza, na Kijita cha kunisengenya mimi nikiwa nimekaa hapo hapo.

Nikitaka kueleza alivyokuwa, naanza na mbegu. Bwana Pamba aligawa mbegu mpya, na kila mkulima akapewa vipande viwili vya shamba. Kimoja apande mbegu ya zamani, kingine apande mpya, avitunze vyote sawasawa ili ijulikane ipi ni bora. Msimu ulipoisha, mbegu mpya ilikuwa imeishinda ya zamani kijiji kizima, tena kwa mbali. Bwana Pamba alifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mkalimani akamwomba asiandike kwanza. Akaenda kushinda jikoni na wake wa wakulima, wakichambua mboga na kuwasema waume zao, akarudi na habari kwamba kipande cha mgeni ndicho kilichokuwa kimemwagiwa samadi yote ya zizini. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtu amekuletea mbegu kutoka mbali, utaiachaje ishindwe mbele ya majirani? Bwana Pamba alianza upya msimu uliofuata, na safari hiyo alikagua mwenyewe samadi inakwenda wapi.

Au ile ya makopo. Daktari wa kichocho aligawa makopo akaomba kila mtu wa nyumba alete mkojo wake. Wakati ule, kwa wavulana wa mwambao, kukojoa damu hakukuwa ugonjwa. Walionyeshana kwa majivuno, wakiamini ndiyo dalili kwamba wameanza kuwa wanaume. Kwa hiyo daktari alitegemea kuona damu nyingi. Bibi mmoja akaleta makopo ya nyumba yake, yote yamejaa, yote safi. Mkalimani akayatazama, akamtazama bibi.

"Bibi, huu mkojo wa nani?"

"Wa mjukuu wangu mkubwa wa kike. Ndiye mzima."

"Na wa wengine uko wapi?"

"Wa wengine una damu, mwanangu. Sasa nimpe daktari wa watu kitu kichafu?"

Tulicheka njia nzima ya kurudi mjini, daktari mwenyewe akicheka kuliko sisi. Lakini Mkalimani alikuwa na kiburi cha kazi, sitakificha. Alinyoosha miguu akasema, "Mimi hawa watu wangu hawanidanganyi." Alipenda sana kulisema hilo. Alikuwa ameshajua kwamba watu wa ziwani hawasemi uongo kwa ubaya. Wanakupa jibu kama wanavyokupa chakula, wanatafuta lile litakalokupendeza mgeni. Akaamini kwamba kwa kuwa amelijua hilo, yeye amepona.

Kwa Bwana Akili mambo yalikuwa mengine. Alikuja na pipi, anataka kujua kama watoto wetu wana subira. Mtoto aliitwa peke yake chini ya turubai, akaulizwa anataka pipi moja sasa hivi au mbili kesho asubuhi. Kila aliyeingia alijibu, "Mama ndiye anajua." Mkalimani akatafsiri hivyo kutwa nzima bila kubadilisha neno. Jioni Bwana Akili, uso umemshuka, akamwuliza yeye anaonaje. "Mimi naona zitayeyuka," akamjibu. Yule bwana akafikiri usiku kucha, na kesho yake akawaita akina mama wakae na watoto wao. Kazi ikaenda vizuri sana, na pipi zikaliwa zote.

Kwa mtu aliyeuliza mambo ya nyumba za watu mchana kutwa, yeye mwenyewe alikuwa hagusiki. Ukimwuliza umri alisema, "Andika mtu mzima." Ukimwuliza kwa nini hakuolewa tena, alikuuliza matairi yana upepo. Alituhubiria sote tuchemshe maji na tusiingie ziwani miguu mitupu, akatuonyesha hata konokono wanaobeba ugonjwa, lakini kwenye kikapu chake hakikukosekana kifurushi cha majani ya mwarobaini, na homa ikimgusa tu aliyachemsha mwenyewe kabla daktari hajafungua mkoba. Daktari alimtania kwamba majani yale hayajathibitishwa. Mkalimani akamwambia akipata nafasi ayathibitishe, maana yeye anayahitaji leo. Alikuwa mkali kwa maneno ya watu wengine, yasipotee hata moja, na mpole kupita kiasi kwa maneno yake mwenyewe. Akitaka kumwambia jirani yake wa Mirongo kwamba mbuzi wake amekula nguo kwenye kamba, alianza na habari za watoto, akapita kwa wagonjwa wote wa mtaa, na mbuzi akatajwa mtu akiwa ameshasimama mlangoni kuondoka.

Sasa nifike kwenye lile lililomtesa, maana bila hilo nitakuwa nimesimulia kanga tu na si mwenye kanga.

Bwana Uchumi alichagua kijiji kimoja ng'ambo ya ghuba, mahali pa kuvuka kwa pantoni. Tulikaa huko kiangazi kizima. Mimi na wageni tulilala kwenye mahema, Mkalimani akapewa chumba kwa mama mmoja mjane, mwenye ng'ombe wake na sauti yake pale kijijini. Wale wawili walipatana kama waliozaliwa pamoja. Mjane alimwita mdogo wangu, yeye akamwita dada. Walitwanga pamoja, walichekana pamoja, na Mkalimani, mtu wa mjini asiyejua hata kukamua, akajifunza kukamua. Ilipofika zamu ya mambo ya mifugo, mambo ambayo watu wa huko hawayataji ovyo, mjane alikaa mbele ya Bwana Uchumi akataja ng'ombe wake bila kusita. Majirani wakamfuata, nyumba kwa nyumba. Bwana Uchumi alisema hajawahi kupata majibu mazuri namna ile. Tulipoondoka mjane alimpa Mkalimani jogoo, na wote wawili wakalia, na mimi nikabeba jogoo mapajani mpaka kwenye pantoni.

Muda si mrefu baada ya hapo ikaja amri ya serikali ya wakati ule. Ilisemwa ardhi imechoka, mifugo imezidi, kila kijiji kipunguze. Watu waliwapenda ng'ombe wao, ninyi mnajua. Pale sokoni Mwanza tukasikia kwamba maofisa wamevuka ghuba na wameingia kijiji kile kile. Mkalimani alikuwa ameshika fungu la dagaa. Akalirudisha kwa mwuzaji, akaja akaketi kwenye gari.

"Dereva," akaniambia, "nimewauza ng'ombe wa dada yangu kwa mdomo wangu huu."

Nilimwambia labda sivyo, kwamba amri ni amri, haihitaji Bwana Uchumi. Akaniuliza nani mwingine aliwahi kwenda kuuliza ng'ombe kule. Nikawasha gari.

Tangu siku ile hakuvuka ghuba tena. Kazi yoyote ya ng'ambo ikitajwa alikuwa mgonjwa, au amefiwa. Alifiwa na ndugu wengi miaka ile, na hakuna hata msiba mmoja nilioitwa kuchimba kaburi. Aliendelea kufanya kazi upande huu, Magu, Ilemela, hata Ukerewe, na aliifanya vizuri, lakini kila swali la mali lilipofika aliinamisha kichwa kabla ya kutafsiri. Nilimwona kwenye kioo. Iliniuma, kwa sababu nilimpenda mama yule, na sikuwa na la kumfanyia zaidi ya kuendesha taratibu kwenye mashimo.

Uhuru ulipokuja alifurahi kama sisi wote. Alivaa kanga mpya, akaenda uwanjani Nyamagana, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Lakini wiki hizo hizo mwanamume mmoja muuza mkaa alimwambia mbele ya watu, "Wewe si ndiye ulikuwa mdomo wa wazungu? Ulikuwa unawapelekea habari zetu." Mtu ambaye angeweza kumjibu kwa lugha nne hakumjibu kwa hata moja. Aliporudi nyumbani alifunga mlango, na kesho yake shikamoo yangu ilipokelewa kwa sauti ya chini sana.

Baadaye wapimaji wakaanza kuwa watu wetu. Akaja daktari kijana, Mhaya kutoka Bukoba, amesoma mbali na hajaharibika. Kila Mkalimani alipoingia alisimama, "Shikamoo mama." Alikuwa na dawa mpya ya kichocho na alitaka kuichunguza kwa watoto, kwanza awajue wenye ugonjwa, ndipo atibu, kisha apime tena. Na katika vijiji vyote vya ziwa, akachagua kile cha ng'ambo. Alikuwa ameshakwenda peke yake. Watu walimpokea vizuri, wakampa viazi, wakamwambia hapa hatuna mtoto mgonjwa. Akashuka ufukweni akawakuta watoto wanaoga, na walipotoka kukojoa akaiona damu kwa macho yake.

"Mama, bila mtu wanayemwamini siwezi," akamwambia. "Na ugonjwa huu wakiachwa nao, utakuja kuwaua wakiwa watu wazima."

Mkalimani akamjibu kwamba amefiwa. Siku ya pili akamjibu kwamba anaumwa. Siku ya tatu daktari akaja mwenyewe Mirongo, akaketi kwenye mkeka, na Mkalimani akamwambia kweli yote, ng'ombe, amri, na dada yake. "Wakikuona na mimi," akasema, "hata viazi hawatakupa."

Daktari akainuka mkekani. "Basi mama, twende wakuambie usoni. Wakikufukuza, nitafukuzwa na wewe."

Kwenye pantoni Mkalimani aliketi ameyapa maji mgongo. Kwenye kikapu alikuwa na sukari, sabuni, na doti ya kanga.

"Dereva, pantoni hii siku hizi haiharibiki?"

"Haiharibiki, mama."

"Zamani ilikuwa inaharibika sana."

Sikuthubutu kumtania. Nilijua akitukanwa siku ile hatafungua tena mdomo wake kwa kazi.

Mjane alikuwa uani, amezeeka, anaanika udaga, ile mihogo iliyovundikwa, juu ya mwamba. Alinyanyua kichwa, akamtazama Mkalimani, akainamisha macho haraka. Nikasema moyoni, haya, imekwisha. Lakini hakufukuza mtu. Alituita ndani, akatuletea maji ya kunawa, ugali, sato, na kibuyu cha maziwa ya mgando, kisha kingine, kisha kingine. Walikula hawatazamani. Wote wawili walikuwa kama wasichana waliogombana. Niliyatazama yale maziwa nikawaza, hii nyumba iliyopokonywa ng'ombe inakamua nini?

Tulipokwisha kunawa, Mkalimani akapiga magoti mbele ya mwenyeji wake. Alisema kwa Kisukuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuzunguka.

"Dada, nimekuja kuomba radhi. Ulinitajia ng'ombe wako kwa uaminifu, nami nikawapa wageni. Kwa ajili yangu wamekuja kuwapunguza."

Mjane alimkodolea macho. "Ng'ombe gani?"

"Wale ulionitajia, dada."

Yule bibi akajifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Mabega yalipoanza kuruka ndipo nikajua anacheka.

"Mdogo wangu, nani anataja ng'ombe wake mbele ya mgeni? Wakipata ugonjwa nitamlaumu nani? Wangu wengi walikuwa kwa kaka yangu, na wengine kwa wakwe zangu kule milimani. Hao niliokutajia niliwatunga. Usiku kabla hamjaanza kuuliza tulikaa kijiji kizima tukapanga kila mtu aseme nini, yule mzungu wako asije akarudi kwao mikono mitupu. Alikuwa mtu mwema, anacheka na watoto."

"Kijiji kizima?"

"Kizima. Na hao maofisa walikwenda kila kijiji, hata msikokanyaga ninyi. Hapa walikuta zizi karibu tupu. Tukawapa dume moja zee, lilikuwa limeshaanza kufa lenyewe."

Mkalimani alikaa chini, kitako, pale pale kwenye vumbi. "Sasa mbona hamkuniita miaka yote hii?"

Bibi akaacha kucheka. "Tuliona haya. Ulipokataa kurudi tulisema, mkalimani amegundua tulimdanganya, amekasirika. Mimi ndiye niliyekulaza nyumbani kwangu, halafu nikakupa uongo. Kila pantoni ikija nilikuwa namtuma mtu aangalie kama umo. Leo nilipokuona nikajua umekuja kunisema."

Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Mkalimani alicheka, akalia, akacheka tena, akampiga dada yake kwenye goti, akamwita mwongo, mwizi, mchawi, akamkumbatia. Miaka yote aliyojivunia kwamba hadanganywi, alikuwa amedanganywa na kijiji kizima kwa mpango, na sijamwona mtu akifurahia kushindwa kama alivyofurahia yeye. Mimi nilitoka nje nikajifanya natazama tairi, kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na dereva hapendi kuonekana hivyo.

Niliporudi, daktari alikuwa amekaa na kibuyu chake, hana alichoelewa isipokuwa kwamba hatujafukuzwa. Mjane akamwonyesha kwa kidevu.

"Na huyu kijana anataka nini?"

"Anataka kujua watoto wangapi hapa wanakojoa damu," Mkalimani akasema. "Ana dawa. Lakini dada, huyu msimpangie. Mkimpa la kumpendeza, watoto watakufa."

Bibi akageuka kutazama uani. Watoto kule hawahesabiwi, kama ng'ombe wasivyohesabiwa, na niliona jinsi jambo lile lilivyokuwa zito kwake. Kisha akaita jina. Mvulana mwembamba akaja kutoka nyuma ya nyumba, bibi akamshika bega, akamsogeza mpaka mbele ya magoti ya daktari, akasema maneno machache ya Kisukuma.

Daktari akamgeukia Mkalimani, akingoja. Mkalimani alifungua mdomo, sauti ikagoma. Alijaribu tena, akatikisa kichwa, akaniashiria mimi kwa mkono.

"Anasema uanze na huyu," nikamwambia daktari. "Ni mjukuu wake. Ana damu, na wako wengine, atakutajia wote."